Kipofu Aliyeandika Habari za Mitambuu ya Mwitu

Sisi wa Pwani twaujua uraibu tangu enzi za mababu: jani la tambuu, popoo, katu na chokaa. Lakini ni wachache waliopata kusikia kwamba mtambuu, ulio ndugu wa mpilipili manga, una jamaa zake wa mwituni waparamiao miti mikubwa. Na kwamba bwana aliyewaandikia habari zao alikuwa kipofu.

Bwana huyo ni Georg Eberhard Rumphius, Mjerumani aliyeajiriwa na Kampuni ya Waholanzi. Alifika Ambon, katika visiwa vya Maluku ilikotoka karafuu, mwaka 1654. Kazi yake ilikuwa biashara, ila moyo wake ulikuwa msituni. Akawauliza wenyeji jina la kila mmea na manufaa yake, akaandika.

Mwaka 1670 macho yakapofuka. Tarehe 17 Februari 1674 ikaja zilizala, ukuta ukamwangukia mkewe Susanna na binti yao, wakafa. Ua moja la huko alilolipa jina la mkewe laitwa hivyo hata leo. Mwaka 1687 moto ukateketeza michoro yake. Akaanza upya: yeye asimulia, makarani waandika, na mwanawe Paulus achora. Kilatini alikuwa amekwisha kukiacha akashika Kiholanzi, ili wasaidizi wake wamfahamu.

Mwaka 1692 merikebu iliyochukua mswada kwenda Ulaya ikazamishwa na Wafaransa. Kwa bahati njema, Gavana Mkuu Camphuys alikuwa amekwisha kuamuru unakiliwe huko Batavia. Nakala ikafika Uholanzi mwaka 1696, lakini Kampuni ikaufungia kabatini, ikichelea siri za viungo vyake zisifichuke. Rumphius akafa mwaka 1702 bila kitabu chake kupigwa chapa.

Kilianza kutoka mwaka 1741. Ndani yake umo mtambuu wa kupandwa, na umo wa mwitu wenye majani makubwa mno. Mwaka 1762 Linnaeus wa Sweden, ambaye hakupata kukanyaga Ambon, akaupa mmea huo jina la kitaalamu kwa kutegemea maelezo ya Rumphius.

Jina, basi, ni la Linnaeus. Ujuzi ulikuwa wa wenyeji waliousema, na wa kipofu aliyewasikiliza, akapoteza karibu kila kitu asiiache kazi yake.