Jenerali Choi na Mpaka Usiovukika

Busia ni miji miwili yenye jina moja, huku Kenya na kule Uganda, na Wasamia wako pande zote. Malaba ni vivyo hivyo kwa Wateso. Mtu huvuka asubuhi kwenda sokoni, jioni akarudi kwake. Jenerali Choi Hong Hi, aliyeupa mchezo wa taekwondo jina lake, mpaka wa kwao haukuvukika hivyo.

Alizaliwa 1918 kaskazini mwa Korea, chini ya utawala wa Wajapani. Alisoma Japani na huko akajifunza karate. Mwaka 1945 Wajapani waliposhindwa vitani, yeye yumo gerezani Pyongyang kwa kupanga kulitoroka jeshi lao. Alipofunguliwa alishuka Seoul, akaingia jeshi jipya la kusini, akapanda hadi ujenerali.

Askari wake aliwafunza kupigana kwa mikono na miguu, na 1955 jina likapatikana: tae ni mguu, kwon ngumi, do njia. Walimu wengine wa Seoul hawakumkubalia yote, lakini jina lilibaki. Mwaka 1966 aliunda shirikisho la kimataifa.

Kisha akakosana na Rais Park Chung Hee, na 1972 akahamia Kanada. Mwaka uliofuata Seoul ikaunda shirikisho lake, nalo ndilo lililoingia Olimpiki. Naam, hata mchezo ukapata mpaka! Mwaka 1980 Choi aliwapeleka wanafunzi Korea Kaskazini kuonyesha ustadi wao. Kusini wengi wakamwona msaliti. Alifariki Pyongyang Juni 2002, akazikwa huko huko.