Tingatinga si trekta, wadau: mtu wa Kusini aliyeanza na vipande vya dari

Leo siongelei siasa wala mpira, nimekuja na habari ya mtu. Kama uko kafe na dakika zako zinahesabiwa, vumilia kidogo, utaondoka na kitu.

Imeanza hivi. Mimi ni kijana wa hapahapa Rahaleo, Mtwara, na kwa muda sasa nahangaika na kazi za mikono za karatasi. Natengeneza kadi za mialiko, bahasha za zawadi na albamu za picha. Mali ghafi yangu ni maboksi ninayoyaomba madukani, magazeti ya zamani, kalenda za mwaka uliopita na gundi ya unga ninayoipika mwenyewe. Kuna wanaonicheka hapa mtaani, eti mtu mzima anachezea makaratasi kama yuko chekechea. Sawa tu, nimeshazoea.

Sasa nikapata kazi. Mteja mmoja alitaka kadi 30 za harusi, kila kadi iwe na ndege wawili mbele, mtindo wa tingatinga. Akatoa na advansi. Nikafurahi, nikaenda kwa fundi baiskeli nikapata rangi iliyobaki kwenye makopo, nikaanza kuchora moja kwa moja juu ya boksi. Jamani! Boksi lilikunywa rangi kama ardhi ya kiangazi. Kila ndege akazungukwa na doa la mafuta, mengine yakatokea upande wa pili kabisa. Kuharibu zaidi, nikazipanga kadi moja juu ya nyingine kabla hazijakauka, asubuhi nikakuta zimeshikana zote. Kadi 30 kwisha. Advansi ilibidi nirudishe, na sehemu yake nilikuwa nimeshaila, kwa hiyo nikakopa.

Siku ile niliapa kuacha. Nikiwa nimekaa na hasira zangu, mdogo wangu akaniuliza swali la kitoto: kwa nini michoro ile inaitwa tingatinga, kwani tingatinga si trekta la kulimia? Nilitaka kucheka, lakini nikajiuliza ni wangapi wetu hapa Kusini tunaojua kwamba Tingatinga ni jina la mtu, tena mtu wa upande wetu. Nikaanza kumsimulia, na nilipofika mwisho wa hadithi nikawa nimeshabadilisha mawazo ya kuacha. Ndiyo maana naileta hapa.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, sehemu ambayo leo inajulikana kama Nakapanya, wilaya ya Tunduru. Ukipanda basi hapa Mtwara kwenda Songea, ukishapita Masasi na Mangaka, kabla hujafika Tunduru mjini, unapita Nakapanya. Wengi tumepita pale tumelala, vichwa kwenye kioo. Mama yake alikuwa Mmakua, Mkristo, na baba yake Mngindo, Mwislamu. Ndiyo ukaliona jina lake limebeba pande zote mbili, Edward na Saidi.

Shule alisoma miaka michache tu ya shule ya misheni. Hakusomea uchoraji popote. Utoto wake ni ule tunaoujua sisi wa kusini: jembe, msitu, hadithi za wanyama jioni, na wanyama wenyewe ambao kule Tunduru si hadithi, wanakuja mpaka shambani.

Miaka ya 1950 akafanya kile ambacho vijana wa Kusini wengi walikuwa wakikifanya, akaenda Tanga kukata mkonge. Wazee wetu wengi walipita njia hiyo. Baadaye akahamia Dar es Salaam, ambako alikuwa na ndugu, akapata kazi nyumbani kwa Mwingereza mmoja, kazi za ndani na bustani. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 wazungu wengi wakafungasha wakaondoka, na ajira za namna hiyo zikaondoka nao. Kuanzia hapo maisha yake yakawa yale ya kuunga unga. Akapiga muziki, akauza matunda na mboga, akafanya chochote kilichotokea. Baadaye akapata kazi ya uhudumu hospitali ya Muhimbili.

Hapo naomba usimame kidogo. Mtu ana zaidi ya miaka 30, elimu ndogo, mji mkubwa, kibarua leo kipo kesho hakipo. Ukimwangalia kwa macho ya mtaani ungesema huyu ndiyo basi tena.

Karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora. Alitoa wapi wazo? Hapo wataalamu wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema aliwaona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha zao mitaani Dar, akajiambia hata yeye anaweza. Wapo wanaosema mizizi iko huku kwetu, kwenye michoro ambayo Wamakua walikuwa wakipamba nayo kuta za nyumba za udongo. Mimi naona yote mawili yanaweza kuishi katika mtu mmoja. Mtu unatoka kwenu na vitu kichwani, halafu mjini unakutana na mtu anayekuonyesha kwamba vitu hivyo vinauzika.

Lakini kilichonigusa mimi mpiga gundi ni vifaa vyake. Turubai la wachoraji hakuwa nalo, na rangi za mafuta za kwenye vichupa vya kisanii bei yake haikuwa ya mtu kama yeye. Alichukua mbao nyembamba za kupigia dari, zile zinazojulikana kama silingibodi. Bodi nzima ina futi 4 kwa 8, ukiikata kwa hesabu nzuri unapata vipande 8 vya mraba, futi 2 kila upande, bila kutupa hata kipande. Rangi akatumia ileile ya kupakia baiskeli, ya kung'aa, ya kununua dukani kwa kopo. Yaani vitu vya fundi ujenzi na fundi baiskeli, yeye akavikutanisha.

Rangi ile ina tabia zake. Inang'aa, inakauka taratibu, na haipendi kuchanganywachanganywa juu ya ubao. Sasa badala ya kupigana nayo, akaifuata. Kwanza anapaka ubao mzima rangi moja, labda njano au nyekundu au bluu, anauacha ukauke vizuri. Halafu juu yake anachora mnyama mmoja mkubwa: chui, simba, tembo, nyati, sungura. Mstari safi, madoa yamepangwa moja moja, pengine mti mmoja na ndege juu yake. Hakuna vivuli vingi, hakuna milima ya mbali. Umaskini wa vifaa ukageuka kuwa mtindo, na mtindo huo ukiuona hata ukiwa upande wa pili wa barabara unaujua. Chini anasaini jina lake, E.S. Tingatinga.

Sokoni alikuwa mjanja. Hakusubiri ukumbi wa maonyesho wala tajiri wa kumshika mkono. Picha zilipelekwa pale Oysterbay, nje ya Morogoro Stores, duka ambalo wageni na watu wenye nafasi walikuwa wakifanya manunuzi. Mtu anatoka na mkate na maziwa, anakutana na chui wa njano anamwangalia. Picha zikaanza kutoka. Baadaye kampuni ya serikali iliyoshughulikia biashara ya sanaa ikawa inanunua kazi zake, na hapo kidogo akapumua.

Mwaka 1970 akamwoa Agatha Mataka, wakajaliwa watoto wawili, Daudi na Martina. Kazi zilipozidi, hakujifungia chumbani na siri yake. Aliita ndugu na jamaa kutoka Kusini, vijana waliokuja Dar kutafuta maisha kama yeye, akawafundisha. Wanatajwa Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata. Walianza kama wasaidizi, wanapaka rangi ya chini, wanajaza madoa, mpaka mkono ukakomaa.

Halafu ikaja mwaka 1972. Usiku mmoja Dar es Salaam alikuwa kwenye gari na wenzake. Polisi wakawadhania ni wahalifu wanaokimbia, wakafyatua risasi. Tingatinga akafa. Alikuwa na miaka 40 tu, mke kijana, watoto wadogo, na alikuwa amechora kwa miaka kama minne hivi. Minne! Kuna watu wanakaa miaka minne wanasubiri mtaji.

Nilipofika hapo mdogo wangu alinyamaza, na mimi pia. Kifo cha namna ile hakina maelezo ya kumridhisha mtu. Huyu mtu hakuwa na kosa.

Kwa akili ya kawaida habari ingeishia pale. Fundi amekufa, duka limefungwa. Ila wale vijana aliowafundisha walikuwa tayari na mkono. Wakaendelea kuchora palepale Oysterbay, wakafundisha wengine, wale nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika kinachobeba jina lake. Leo michoro ya tingatinga iko kwenye sinia, kwenye kanga za ukutani, kwenye viwanja vya ndege, na mwaka 2010 vikatoka hata vibonzo vya watoto vya Tinga Tinga Tales vilivyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza. Jina la mtu wa Nakapanya limekuwa jina la aina ya sanaa, dunia nzima.

Kuna upande mchungu pia, tusifiche. Jina limekuwa kubwa kuliko mwenyewe. Kila mtu anachora tingatinga, wachache wanajua aliishi wapi na alikufaje. Picha zake halisi ni chache, nyingi zilinunuliwa na wageni zikaondoka nchini, na za kughushi zenye saini yake zimejaa. Huku kwetu tulikotoka naye ndiyo kabisa, tunadhani ni trekta.

Basi nirudi kwenye makaratasi yangu. Baada ya simulizi lile niligundua kosa langu. Niliiga ndege wake, sikuiga akili yake. Yeye aliisoma rangi na ubao kwanza. Mimi nilichukua rangi ya ubao nikaimwagia boksi.

Nikarudia upya. Boksi nalipaka gundi nyeupe iliyoongezwa maji, mara mbili, naliacha likauke kila mara, ndipo napaka rangi ya chini, moja tu. Nasubiri mpaka kesho yake. Halafu ndege mmoja, mkubwa, basi. Rangi haipenyi tena. Kadi nazitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, hakuna kupanga juujuu. Kwa kazi ndogo nimeacha kabisa rangi ya baiskeli, nakata maumbo ya ndege kwenye kalenda za zamani nabandika juu ya rangi ya chini, na inapendeza vilevile.

Albamu nazo nimezirekebisha. Zamani nilikuwa nabandika picha kwa gundi ya unga, unyevu wa pwani hii ukazikunja, na mende wakafanya karamu, maana unga ni chakula chao. Sasa picha nazishika kwa vipembe vidogo vya karatasi kwenye kona nne, picha yenyewe haiguswi na gundi. Na upande wa mshono naweka vipande vyembamba vya boksi kati ya kurasa, ili picha zikijaa albamu isivimbe kama gunia la korosho. Gundi ya unga nimeibakiza kwa magamba ya nje tu: vijiko viwili vya ngano, kikombe cha maji, koroga ingali baridi, kisha moto mdogo mpaka ing'ae, na kazi ikaushwe juani mpaka ikauke kabisa, la sivyo ukungu unakusubiri.

Yule mteja hakurudi, na simlaumu. Lakini wengine wawili wameshakuja. Si utajiri, ila deni nimelipa.

La mwisho. Jumamosi mchana nimeanza kukaa na watoto watano wa mtaani, mdogo wangu akiwemo. Kila mmoja anakuja na boksi lake, mkasi tunapokezana. Wengine wananiuliza kwa nini nawafundisha watu watakaokuja kunichukulia wateja. Jibu langu ni Oysterbay. Kama Tingatinga angeogopa hivyo, ile risasi ya mwaka 1972 ingeua vitu viwili.

Na kila mtoto akimaliza kazi namwambia aandike jina lake nyuma, kwa kalamu, pamoja na Rahaleo, Mtwara. Kesho asije mtu akadhani ni jina la mashine.

Haya wadau, zamu yenu. Kuna mtu wa Tunduru au Masasi humu mwenye wazee waliomfahamu huyu bwana au walioona michoro ya kutani ya zamani? Na wale wa kazi za mikono, gundi yenu mnaizuiaje na mende? Mwageni hapo chini, nitapita kusoma. Tuko pamoja.