Mwalimu na seli zisizosubiri ishara
Sisi wa Mazinde, chini ya milima ya Usambara, jina la Mwalimu Nyerere tumelikuta kwenye habari za mkonge: Azimio la Arusha 1967, mashamba mengi yakawa ya umma. Alizaliwa Butiama 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akaongoza TANU tangu 1954, akang'atuka 1985. Tarehe 14 Oktoba 1999 lukemia ikamchukua, London.

Nilipoanza kusoma baiolojia ndipo nikaielewa. Seli changa ya damu, kule kwenye uboho, haigawanyiki hivihivi. Husubiri ishara kutoka nje. Kwenye lukemia jeni zimeharibika: swichi ya ndani haizimiki, au seli inajitumia ishara yenyewe. Inazaliana tu, haifi kwa wakati wake. Seli nzima zinakosa nafasi, mgonjwa anaishiwa damu na kinga.

Mwalimu alifundisha ujamaa na kujitegemea, vyote pamoja. Seli hizi zimebeba kujitegemea, ujamaa zimeutupa.

Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, dawa inayozima swichi hiyo kwenye aina moja ya lukemia. Swichi nyingine bado zinatafutiwa dawa. Wanachuo wa sayansi, kazi ndiyo hiyo.