Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, karibu na London, katika nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, naye mtoto alifundishwa shuleni kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Alipokuwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu. Na vitabu alivyovijalidi, alivisoma pia. Mwaka 1812 alisikia mafundisho ya Humphry Davy, bingwa wa kemia, akayaandika, akayajalidi, akampelekea. Mwaka 1813 Davy alimtwaa awe msaidizi wake katika Royal Institution.

Kazi ya moto na chuma haikuwa mbali naye. Mwaka 1820 yeye na James Stodart, fundi wa visu, walitangaza majaribio yao ya kuchanganya chuma cha pua na madini mengine. Lakini neno kubwa tunalotaka kulieleza alilivumbua miaka ya 1833 na 1834. Alipopitisha umeme katika maji ya namna nyingi, aliona ya kuwa kadiri ya kitu kinachoyeyuka au kutengwa hufuata kadiri ya umeme uliopita.

Tuyatazame matunda yake. Chuma cha pua kikitiwa motoni na kuzimwa majini huwa kigumu hata tupa huteleza juu yake, na keekee huisha makali. Lakini kanuni ya Faraday haiulizi ugumu. Mafundi hukifunga chuma upande wa chanya wa umeme, na kifaa chao upande wa hasi. Havigusani, bali maji ya chumvi hupita kwa nguvu kati yao. Ndipo chuma huyeyuka pasipo moto. Ugumu wake husalia, wala kifaa hakiliki. Kwa hesabu, ampea 1 kwa muda wa saa 1 huondoa chuma karibu gramu 1. Mwaka 2000 wataalamu wa Berlin walionyesha ya kuwa umeme ukitolewa kwa mapigo mafupi mno, madini huchongwa kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya milimeta.

Faraday hakuiona kazi hiyo, maana alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Alikuwa mzee katika kanisa dogo la Wasandemani, akakataa kuwa rais wa Royal Society. Twaona basi ya kuwa kilichoshinda nyundo ya baba kilitiishwa kwa kipimo cha mwana.