Dian Fossey na Gorila wa Virunga
Dian Fossey hakuanza na wanyama. Alizaliwa San Francisco mwaka 1932, akawahudumia watoto wenye ulemavu huko Kentucky, kisha mwaka 1963 akakopa pesa aione Afrika. Machafuko ya 1967 yalimtoa Kongo. Akavuka kuja Rwanda, na Septemba akafungua kituo cha Karisoke, kati ya milima Karisimbi na Bisoke. Gorila aliwatambua kwa mikunjo ya pua, akiwachora mmoja mmoja. Shahada ya uzamivu ya Cambridge ilikuja baadaye. Majangili walipomuua Digit, gorila wake kipenzi, mwishoni mwa 1977, alizidi ukali. Waliokamatwa aliwatesa; hapo mimi simtetei. Desemba 1985 aliuawa kibandani mwake. Amezikwa kando ya Digit.