Mcheza Ugenini: Maisha na Sataranji ya Mir Sultan Khan

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hii haikusema lolote kuhusu yule anayecheza ugenini, kwa kanuni zisizo za kwao, chini ya bendera isiyo yake. Mir Sultan Khan alikuwa mchezaji wa aina hiyo. Kwa muda usiozidi miaka mitano, kati ya 1929 na 1933, Mpunjabi huyu aliwatoa jasho mabingwa wa sataranji wa Ulaya, akautwaa ubingwa wa Uingereza mara tatu, kisha akarejea kijijini na kunyamaza. Tuzo aliyostahili ilimfikia 2024, miaka 58 baada ya kufariki dunia.

Kuzaliwa na Malezi

Sultan Khan alizaliwa Mitha Tiwana, katika mkoa wa Punjab ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya India chini ya utawala wa Waingereza na ambao eneo hilo lake sasa limo nchini Pakistan. Maandishi mengi hutaja mwaka wa 1905 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake, ingawa mengine hutaja 1903. Ni vyema ieleweke mapema kwamba neno Sultan lilikuwa jina lake wala si cheo. Hakuwa mtawala wa mahali popote, japo baadhi ya Wazungu waliolisikia jina hilo walidhani wanakutana na mwana wa mfalme.

Baba yake, Mian Nizam Din, ndiye aliyemfunza mchezo alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Hapa pana jambo lenye uzito. Neno sataranji, ambalo Waswahili walilipokea kutoka kwa Waarabu, nao Waarabu wakalipata kwa Waajemi, chimbuko lake ni India, kwenye mchezo wa kale ulioitwa chaturanga. Kwa hiyo mtoto huyo alifundishwa mchezo wa kwao, na kwa kanuni za kwao. Katika kanuni hizo kitunda, yaani askari wa miguu, husogea nyumba moja tu hata katika hatua yake ya kwanza, ilhali Ulaya huruhusiwa kuruka nyumba mbili. Kitunda kikifika mwisho wa ubao, hugeuka kuwa kete ya safu ile kilikofikia, wala mchezaji hana hiari ya kujichagulia malkia. Mfalme naye hakuingizwa ngomeni kwa namna ya Kizungu, bali aliruhusiwa kuruka mara moja kama farasi. Mchezo wa namna hiyo huanza polepole. Majeshi hujipanga kwa utulivu, na mapambano huchelewa kuzuka.

Alipotimiza umri wa miaka 21, Sultan Khan alihesabiwa kuwa mchezaji hodari kuliko wote Punjab. Sifa hizo zilimfikia Malik Sir Umar Hayat Khan, mwenye ardhi tajiri, mwanajeshi na mwanasiasa aliyekuwa na uhusiano wa karibu na utawala wa Kiingereza. Bwana huyo, ambaye mwenyewe aliipenda sataranji, alimchukua nyumbani kwake, akamlipa, na kumtafutia wa kumfunza kanuni za Ulaya. Matunda yalionekana 1928, Sultan Khan aliposhinda mashindano ya India nzima bila ya kufungwa hata mchezo mmoja.

Safari ya Uingereza

Mwaka wa 1929 Sir Umar alisafiri hadi London kwa shughuli za kiserikali, na Sultan Khan akawa katika msafara wake. Mwanzo haukuwa wa kutia moyo. Katika mashindano madogo yaliyoandaliwa ili kumpima, aliambulia mkiani. William Winter na Frederick Yates, wachezaji wawili mashuhuri wa Uingereza, walijitolea kumnoa. Waligundua haraka kwamba tatizo lake halikuwa upungufu wa akili ya mchezo bali ugeni wa kanuni, hasa katika hatua za mwanzo, ambazo wenzake walikuwa wamezikariri kutoka vitabuni.

Miezi michache baadaye, mjini Ramsgate, ulifanyika ubingwa wa Uingereza. Wachache walimtaja Mpunjabi huyo miongoni mwa waliotarajiwa kufanya vyema. Yeye ndiye aliyeibuka mshindi. Alirudi India kwa miezi kadhaa, na aliporejea Ulaya 1930 hakuwa tena mtu wa kupuuzwa. Mjini Liège, Ubelgiji, alishika nafasi ya pili nyuma ya Savielly Tartakower. Mwaka uliofuata walipambana ana kwa ana katika michezo 12, na Sultan Khan akamshinda Tartakower kwa alama sita na nusu dhidi ya tano na nusu.

Ushindi unaokumbukwa zaidi ulipatikana Hastings, katika mashindano ya msimu wa baridi wa 1930 hadi 1931. Mpinzani wake alikuwa José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kutoka 1921 hadi 1927, na ambaye kumfunga kulikuwa jambo la nadra mno. Sultan Khan hakumshambulia kwa pupa. Alimbana kidogo kidogo, akamnyima pumzi, hadi baada ya hatua 65 Capablanca akasalimu amri. Baadaye Capablanca mwenyewe alikiri kwamba mtu aliyeweza kufikia kiwango hicho katika mazingira magumu kama yale alikuwa na kipawa kisicho cha kawaida.

Katika Olimpiadi za sataranji Sultan Khan aliiwakilisha Uingereza kwenye ubao wa kwanza mara tatu: Hamburg 1930, Prague 1931 na Folkestone 1933. Huko Prague ndiko nyota yake ilikong'aa zaidi. Katika michezo 17 alishinda minane, akatoka sare saba na kufungwa miwili tu. Walioangushwa ni pamoja na Salo Flohr na Akiba Rubinstein. Alexander Alekhine, bingwa wa dunia wa wakati huo, alitoka naye sare. Mwaka wa 1932 Flohr alilipiza kisasi kwa kumshinda katika pambano fupi la michezo sita, lakini mwaka huohuo Sultan Khan aliutwaa tena ubingwa wa Uingereza, akaurudia 1933. Alishiriki mashindano hayo mara nne na kushinda mara tatu.

Mtindo Wake wa Kucheza

Wachambuzi wa sataranji hugawa mchezo katika sehemu tatu: mwanzo, kati na mwisho. Udhaifu wa Sultan Khan ulikuwa katika sehemu ya kwanza. Vitabu vya nadharia ya hatua za mwanzo viliandikwa kwa lugha za Ulaya, naye hakujua Kiingereza cha kuvisomea. Mara nyingi alianza mchezo akiwa nyuma kidogo, huku kete zake zikitoka taratibu kana kwamba bado anacheza kwa kanuni za nyumbani.

Hata hivyo, kilichomchelewesha mwanzoni ndicho kilichomfaa baadaye. Mtu aliyelelewa katika mchezo ambao vitunda husogea nyumba moja moja hujifunza kusubiri. Sultan Khan alikuwa bingwa wa nafasi zilizofungwa, pale majeshi yanapokabiliana bila njia ya wazi. Angehamisha farasi kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine, kisha amrudishe, akitafuta kosa dogo katika ngome ya mpinzani. Kosa likipatikana, hakuliachilia tena. Katika sehemu ya mwisho, kete zinapobaki chache na hesabu kuwa kali, alihesabiwa miongoni mwa hodari wa zama zake. Alipobanwa pia alikuwa mgumu kuvunjika, na michezo kadhaa iliyoonekana kumponyoka aliiokoa kwa ustahimilivu.

Walioketi mbele yake walishangazwa na uso wake. Ulikuwa mtulivu, haukuonyesha furaha wala hofu. Utulivu huo haukumaanisha kwamba alikuwa na raha. Baridi ya Uingereza ilimtesa. Aliandamwa na homa, malaria na mafua ya mara kwa mara, na nyakati nyingine alifika ubaoni akiwa amezungushiwa vitambaa shingoni. Ushindi wake mwingi aliupata akiwa mgonjwa.

Bwana na Mchezaji

Hadhi yake katika nyumba ya Sir Umar imezua mjadala ambao haujakoma. Reuben Fine, mmoja wa wachezaji wa Marekani waliohudhuria Olimpiadi ya 1933, alisimulia kwamba timu yao ilialikwa chakulani kwa Sir Umar, na kwamba waliona aibu kuhudumiwa mezani na Sultan Khan, mtu waliyemheshimu kama bingwa. Kutokana na masimulizi ya aina hiyo ikaenea picha ya mtumishi asiyejua kusoma wala kuandika. Jamaa zake wameipinga picha hiyo. Wao hueleza kwamba alitoka katika ukoo wenye heshima na ardhi, na kwamba alijua kusoma na kuandika. Ikumbukwe kuwa asiyejua Kiingereza si lazima awe asiyejua kusoma. Katika enzi ya ukoloni mambo hayo mawili yalichanganywa kwa urahisi, na si kwa Wahindi pekee.

Wala hakuwa peke yake katika nyumba hiyo. Mwaka wa 1933, mjini Hastings, mwanamke aliyejulikana kwa jina la Fatima, naye wa nyumba ya Sir Umar, alitwaa ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Ubingwa wa wanaume na wa wanawake wa dola iliyotawala ukawa mikononi mwa watawaliwa wawili kutoka nyumba moja.

Kurejea na Kimya

Mwishoni mwa 1933 Sir Umar alirudi India, na Sultan Khan akaondoka pamoja naye. Mwaka wa 1935 alicheza michezo kumi dhidi ya V. K. Khadilkar, akashinda tisa na kutoka sare mmoja. Baada ya hapo jina lake likatoweka katika mashindano makubwa. Aliishi maisha ya ukulima, akalea familia, na inasimuliwa kwamba hakutaka watoto wake waifanye sataranji kuwa kazi, kwa kuwa aliwatakia shughuli yenye manufaa zaidi. Alifariki Sargodha, Pakistan, mwezi wa Aprili 1966, kwa maradhi ya kifua kikuu.

Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, lilianza kutoa rasmi cheo cha grandimasta 1950. Miongoni mwa 27 waliotunukiwa mwaka huo walikuwamo Tartakower, Rubinstein na Flohr. Rubinstein alikuwa amekwisha kuacha mashindano kwa miaka mingi, lakini alikumbukwa kwa aliyoyatenda zamani. Sultan Khan, aliyewahi kuwafunga wote watatu, alikuwa hai, na hakukumbukwa. Ilibidi kusubiri hadi Februari 2024, rais wa FIDE Arkady Dvorkovich alipozuru Pakistan na kumtunukia marehemu cheo cha grandimasta wa heshima.

Cheo hicho hakiongezi hatua yoyote katika michezo aliyoiacha. Hatua hizo 65 za Hastings zilikuwa zimekwisha kuandikwa, na kila anayejifunza sataranji aweza kuzipanga upya ubaoni na kuona jinsi mtu aliyezoea kusogeza kitunda nyumba moja moja alivyomfikisha bingwa wa zamani wa dunia mahali pasipo na njia. Ikiwa mcheza kwao hutuzwa, basi Mir Sultan Khan alicheza ugenini, na tuzo ikafika kwao mwenyewe akiwa kaburini.