Mfua nguo aliyefundisha watu kuosha nywele

Kila bumu likitoka, hosteli za wasichana hunuka dawa ya nywele. Anayekaa karibu na bafu anajua ninachosema. Wiki ile saluni za nje ya geti hazina pa kukaa, rasta zinauzwa hadi kwenye vibanda vya vocha, na kuna mtu wa mwaka wa kwanza anainamisha kichwa kwenye ndoo huku anapiga kelele kwamba dawa inamchoma. Akifika mwaka wa pili, nywele za pembeni mwa paji la uso zimeshakatika na wigi limekuwa la lazima. Si la urembo tena, ni la kuficha.

Mimi nasomea ualimu, na jambo hili nimeliwaza sana kwa sababu lina mzizi darasani. Lakini kwanza nataka kusimulia maisha ya mwanamke mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ambaye safari yake yote ilianza pale pale tulipo sisi: nywele zilianza kumtoka.

Jina lake la kuzaliwa ni Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 mahali panapoitwa Delta, jimbo la Louisiana, Marekani. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa watumwa kwenye shamba la pamba mpaka vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha mwaka 1865. Sarah ndiye mtoto wa kwanza katika familia ile kuzaliwa akiwa huru. Uhuru wenyewe lakini haukuja na shamba wala shule. Mama alikufa, baba naye akafuata, na Sarah alipofika miaka 7 alikuwa yatima. Akachukuliwa na dada yake, Louvenia, wakavuka Mto Mississippi kwenda mji wa Vicksburg kutafuta kazi za ndani. Kwa hesabu yake mwenyewe, maisha yake yote alikaa darasani miezi mitatu tu.

Shemeji yake alikuwa mkali, akamtesa, hivyo Sarah akaolewa na miaka 14 ili apate pa kuhamia. Mumewe aliitwa Moses McWilliams. Mwaka 1885 wakapata mtoto wa kike, Lelia, na miaka miwili baadaye Moses akafariki. Hebu pima hapo: ana miaka 20, mjane, ana mtoto mgongoni, hana cheti chochote. Ukiwa unatoka kwetu Kagera, Ngara au Biharamulo, huna haja ya kwenda Marekani kumwona msichana wa namna hiyo.

Akaenda St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko akafua nguo za watu kwa miaka mingi, kwa ujira wa dola moja na ushee kwa siku, na kwa fedha hiyo hiyo akamsomesha Lelia mpaka chuo. Ni katika miaka hiyo ndipo nywele zilipoanza kumtoka kwa mafungu, na kichwa kikabaki na mabaka ya upara.

Sababu hazikuwa za ajabu. Nyumba nyingi za watu weusi na za maskini wa wakati ule hazikuwa na bomba la maji ndani. Watu walikaa muda mrefu bila kuosha nywele, hasa majira ya baridi. Mba ulijaa, ngozi ya kichwa ikapata vidonda, chakula kilikuwa duni, msongo wa mawazo juu. Na dawa nyingi zilizouzwa zilikuwa kali, zikazidi kuunguza. Yaani tatizo lilianza kwenye ngozi, nywele zikafuata. Ni kama mgomba: majani yakikauka, mkulima haendi kupaka majani mafuta, anaangalia shina na udongo.

Mwaka 1904 hivi akaanza kuuza dawa za nywele za mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kama Annie Malone. Jina hili naomba tusilisahau, maana wengi wanaosimulia habari za Sarah huliruka. Annie alitangulia. Mwaka 1905 Sarah akahamia Denver, na Januari 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua mambo ya matangazo ya magazeti. Kuanzia hapo akajiita Madam C. J. Walker, akatoka kwa Annie na kuanza kuuza dawa yake mwenyewe.

Yeye alisimulia kwamba dawa ile aliletewa ndotoni na mwanamume mweusi, na kwamba baadhi ya viungo vyake vilitoka Afrika. Annie alilalamika kwamba ameigwa. Mimi ya ndoto siwezi kuyapima, ila najua ndoto inauza. Kilichokuwemo ndani ya kopo kilikuwa kitu cha kawaida: mafuta mazito ya mgando yaliyochanganywa na salfa, pamoja na manukato ya kuficha harufu yake. Salfa ilishatumika muda mrefu kutibu magonjwa ya ngozi. Kwa hiyo dawa haikuwa muujiza.

Kilichokuwa kipya ni namna alivyofundisha. Mteja hakupewa kopo na kuambiwa aende zake. Alifundishwa kuosha kichwa mara kwa mara kuliko alivyozoea, kwa sabuni isiyo kali, kusugua ngozi ya kichwa taratibu, kupaka dawa kwenye ngozi, kisha mafuta mepesi, na mwisho kabisa ndipo lilikuja chanuo la moto kwa anayetaka kunyoosha. Chanuo la moto hakulibuni yeye, ingawa wengi husema hivyo. Lilikuwepo kabla yake. Huko Paris, tangu miaka ya 1870, Marcel Grateau alikuwa ameshawazoesha wanawake kutengenezwa mawimbi ya nywele kwa koleo la moto. Na Madam Walker hakupenda kuitwa mnyoosha nywele. Alitaka ajulikane kwa kuotesha nywele zenye afya.

Hapo wasomi hubishana mpaka leo. Wapo wanaosema aliwafundisha wanawake weusi kuzichukia nywele zao za kipilipili na kutamani za singa. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu chanuo la moto lilikuwemo kwenye mafunzo yake na picha za matangazo zilionyesha nywele ndefu zilizolala. Lakini nikiangalia mpangilio wa masomo yake, naona maji yalitangulia moto. Sisi tumebaki na moto na dawa, somo la kwanza tumelitupa.

Mwaka 1908 akafungua chuo cha kufundisha kazi hiyo huko Pittsburgh, akakiita kwa jina la binti yake. Mwaka 1910 akahamia Indianapolis na kujenga kiwanda. Wanawake waliokuwa wakifua nguo na kupika kwenye nyumba za watu wakawa mawakala wake, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na mkoba wake wa dawa na cheti chake. Wengi walipata kwa wiki fedha ambayo wasingeipata kwa mwezi wakiwa jikoni kwa bosi.

Wanaume wakubwa hawakumpokea vizuri. Mwaka 1912, kwenye mkutano wa wafanyabiashara weusi uliofanyika Chicago, mwenyekiti wao Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri kuliko wote wa wakati ule, alikataa kumpa nafasi ya kuzungumza. Siku ya mwisho Sarah akasimama bila kuitwa, akaeleza mbele ya wote alikotoka: shamba la pamba, beseni la kufulia, jikoni, mpaka kiwanda alichojenga kwenye kiwanja chake. Mwaka uliofuata alialikwa kama mzungumzaji. Mtu wa miezi mitatu ya darasa!

Fedha ile hakuilalia. Mwaka 1911 alitoa dola 1,000 kwa ujenzi wa jengo la vijana weusi wa Indianapolis. Mwaka 1917, baada ya watu weusi kuuawa East St. Louis, alikuwa kwenye ujumbe wa watu wa Harlem uliokwenda Ikulu ya Marekani kudai sheria dhidi ya mauaji ya makundi. Rais Wilson hakuwaona. Mwaka huo huo aliwakusanya mawakala wake Philadelphia, akawapa zawadi, na hakuwazawadia waliouza sana peke yao, bali pia waliosaidia watu sana kwao. Kisha wakamtumia Rais simu ya maandishi kuhusu mauaji yale. Wasusi na wauza mafuta ya nywele, wanamwandikia Rais!

Alikufa tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51, kwa shinikizo la damu lililoharibu figo. Mara nyingi hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kuwa milionea kwa jasho lake bila urithi.

Sasa turudi kwetu. Ng'ambo ya Mto Kagera, hatua chache kutoka Rusumo, Wanyarwanda walikuwa na mtindo wa amasunzu: nywele zinanyolewa sehemu na kuachwa sehemu nyingine zisimame kama mwezi mwandamo. Msichana aliyeuvaa alijulikana kuwa amefikia kuolewa. Na katika nchi hizi za wafuga ng'ombe samli ilikuwa mafuta ya mwili na ya kichwa. Maana yake ni kwamba kutunza nywele kulikuwa elimu, na kulikuwa na mtu mzima wa kuifundisha.

Leo nani anaifundisha? Nilifanya mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja wilayani Biharamulo. Wasichana wote wananyolewa, kama ilivyo katika shule nyingi za serikali. Sababu nazijua: usafi, muda, usawa kati ya mwenye hela ya kusuka na asiye nayo. Sipingi kila kitu. Lakini mkasi ni mmoja, unazunguka kichwa hadi kichwa bila kusafishwa, na mapunye yanazunguka nao. Mapunye ni fangasi, yanaambukizwa kwa mashine, mkasi, chanuo na kofia za kuazimana. Na yakiwa kichwani, mara nyingi kupaka dawa hakutoshi, mtoto anahitaji vidonge kutoka zahanati. Wengi hawajui hilo, wanapaka mafuta ya taa.

Kuna na jingine. Kule kwetu, mwenye nywele laini za mawimbi hutaniwa, halafu huulizwa kwao ni wapi hasa, ng'ambo au huku. Mwenye za kipilipili anaambiwa zake ngumu, azilainishe. Kwa hiyo wote wawili wanakua wakijua nywele zao zina kesi, na hakuna anayejua namna ya kuzitunza.

Matokeo yake ndiyo yale ya hosteli. Msichana ananyolewa kuanzia miaka 7 mpaka kidato cha sita. Akifika chuo, nywele na bumu vinamfikia mwaka mmoja. Hajawahi kuambiwa kwamba unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi haujitibu: ukivunjwa na dawa au moto, unasubiri mpya uote. Kwamba dawa haipakwi kwenye kichwa chenye kidonda. Kwamba msuko ukiumiza usiku wa kwanza, unafumuliwa, hausubiriwi uzoeleke, kwa sababu shina likivutwa miaka na miaka halioti tena. Kwamba nywele za mawimbi na za kipilipili huchanwa zikiwa na unyevu na mafuta kidogo, kuanzia nchani kwenda kwenye shina. Haya si mambo ya saluni kubwa za Mwanza, yanahitaji ndoo ya maji, sabuni, mafuta ya nazi au ya mgando, na mtu wa kukueleza.

Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu. Baada ya mwaka mmoja, Mungu akipenda na ajira zikitoka, baadhi yetu tutapangiwa Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Lusahunga, na siku ya Ijumaa tutakabidhiwa mkasi tukague vichwa. Tunaweza kukagua na kukata, basi. Au tunaweza kuanza na beseni la maji ya moto na sabuni la kusafishia ule mkasi, kumtenga mwenye mapunye bila kumwaibisha na kumpeleka zahanati, halafu tukatumia dakika 20 za kipindi cha afya kueleza ngozi ya kichwa ni nini na nywele inaotaje. Sarah Breedlove aliwafundisha wanawake wazima waliokuwa wameshaunguza vichwa vyao. Sisi tutakuwa na watoto ambao bado hawajaanza.